Hela ilifika, wewe hukufika

Naandika hii saa tano usiku, betri za kamera ziko kwenye chaji hapo mezani maana kesho alfajiri naenda KIA, uwanja wetu wa ndege wa Kilimanjaro, safari nyingine ya kazi, siku tisa. Jioni yote nilikuwa kijiweni na wenzangu, nimerudi sa hivi, na kabla sijafunga begi nataka niiandike hii habari kwa sababu vijana wengi wananiuliza wafanyeje na wao waanze kusafiri na kamera, nawajibu mambo ya viza na bei za lenzi, hili sijawahi kuwaambia.

Mi ni wa Moshi, nimezaliwa Majengo. Nilianza na harusi kama wengi, sendofu, kipaimara, mahafali, na Desemba ndo ilikuwa msimu wenyewe, si unajua Wachaga wakirudi nyumbani Krismasi, Jumamosi napiga harusi Marangu, Jumapili ubatizo Machame, Jumatatu mtu anafungua nyumba Rombo. Baadae nikapata kazi za loji na za kampuni zinazopandisha watu mlimani, hapo ndo nje kukafunguka, Nairobi, Kigali, Dubai mara moja, alafu Ulaya.

Tangu sekondari tuko wanne. Kuna Fundi, ana gereji yake Pasua, kuna Mwalimu, kuna Nesi, na mimi. Hayo ndo majina tunayoitana, hata watoto wao wananiita anko Kamera. Kijiwe chetu ni cha kahawa, ile ya birika juu ya mkaa na kashata, tulikuwa tunakaa pale karibu kila Ijumaa mpaka nilipoanza kusafiri. Nilipoanza kusafiri wao waliendelea kukaa, mimi nikawa mtu wa kupita. Nafika, nasalimia, nakunywa kikombe kimoja nimesimama, nasema jamani nina picha za kuediti, tutaonana. Hiyo tutaonana nimeisema miaka karibu mitano.

Mwaka 2022 nikapata kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Mteja alikuwa anataka safari nzima ya kahawa ya Kilimanjaro kwa picha, kuanzia mti mpaka kikombe, yaani nianzie shambani huku nimalizie Hamburg, Ujerumani, ambako kahawa inakaangwa. Nikawa natafuta kihamba, yaani shamba la nyumbani la Kichaga, ambacho bado kina mibuni ya maana, maana sehemu nyingi watu waliing'oa bei ilipoanguka wakapanda vitu vingine. Fundi akaniambia unahangaika nini, nenda kwa mama.

Kwao ni Kibosho. Ukifika unaona kihamba kama vile tulivyofundishwa shule, migomba juu, kahawa chini yake, magimbi pembeni ya mfereji, ng'ombe wawili zizini. Marehemu mumewe alikuwa anauza kwenye chama cha msingi chini ya KNCU, ule ushirika wa tangu 1933, na mama alikuwa anasema watoto wake wote sita wamesoma kwa kahawa, hakuna aliyesoma kwa mkopo. Nilienda pale mara nne, kati ya Agosti na Oktoba, msimu wa kuchuma.

Sasa hapa niwaeleze kitu cha kazi ili mnielewe. Sisi tuko digrii tatu tu kusini mwa ikweta, jua letu halina utani, linapanda moja kwa moja juu. Chini ya migomba una kama masaa mawili tu ya mwanga mzuri, kuanzia saa moja mpaka saa tatu asubuhi, baada ya hapo jua linapenya kwenye majani linampiga mtu madoa madoa usoni na hakuna kuediti kutakakoyatoa. Kwa hiyo nafika pale nimeshachelewa kichwani mwangu. Na kila nikifika mama ameshaandaa chai ya maziwa, na kiburu, kile chakula chetu cha ndizi na maharage, kwenye bakuli kimefunikwa na sahani, ananiambia mwanangu kaa unywe chai kwanza. Namwambia mama jua linaondoka. Ananiambia jua litarudi kesho.

Mara zote nne sikukaa. Nilikuwa napiga mafunda mawili nimesimama, naweka kikombe juu ya jiwe, naendelea.

Na mteja alikuwa ameshasema anachotaka, anataka mikono. Mikono ikichuma, ikimenya kwenye ile mashine ya kuzungusha, ikichambua, ikianika. Na mikono ya mama ilikuwa mikono kweli, ile mistari iliyojaa utomvu mweusi usiotoka hata kwa sabuni, pete ya ndoa imelegea ameifunga uzi isidondoke. Nilipiga picha 312. Nilijisikia nimefanya kazi ya maana, na kiukweli zilikuwa nzuri.

Novemba nikaenda. Ya viza siyasemi sana, basi mpaka Dar, bima ya safari ya yuro 30,000, barua ya mwaliko, taarifa za benki, aliyepitia anajua. Hamburg nikaikuta imeshaingia giza. Mwishoni mwa Novemba kule jua linazama saa kumi jioni na dakika kidogo, na hata mchana lipo chini chini tu, kama taa ya mezani. Kwa mpiga picha ile ni neema, mwanga laini siku nzima, kivuli kirefu, hakuna haraka ya saa tatu. Nilitembea kule Speicherstadt, maghala ya matofali mekundu yamejipanga juu ya mifereji ya maji, UNESCO waliyaingiza kwenye urithi wa dunia 2015, zamani ndimo kahawa na viungo vya dunia nzima vilikuwa vinashushwa. Nikapiga magunia ya kilo sitini, nikapiga waonjaji, watu wazima wameinama wanafyonza kahawa kwenye kijiko kwa sauti kubwa alafu wanatema. Na pale kwenye ukumbi wa mteja walikuwa wameshachapa picha zangu, na ukutani mikono ya mama, mita mbili.

Nilisimama mbele yake nikapigwa picha nami, nikairusha kwenye grupu letu la wanne. Hiyo ilikuwa Jumanne.

Jumatano saa tatu asubuhi ya kule, huku ilikuwa saa tano, simu ikaingia. Mwalimu ameandika: mama yake Fundi ametutoka usiku, presha. Mazishi Jumamosi.

Nilikuwa pale pale ukumbini. Mikono iko juu yangu.

Nataka niliseme hili bila kuzunguka. Ningeweza kurudi. Nilipiga kuuliza kubadilisha tiketi wakaniambia bei, ilikuwa kubwa ila nilikuwa nayo, tena mteja alikuwa mtu muungwana angenielewa. Nilipiga hesabu nikaona zimebaki siku nne za kazi, nikaona msiba una watu wengi, sitaonekana kama sipo. Nikatuma rambirambi laki tatu kwa simu na ujumbe mrefu. Nikaendelea na kazi.

Usiku Nesi akaniandikia. Tunahitaji picha ya mama ya kuweka mbele ya jeneza na kwenye ratiba ya misa, we ndo utakuwa na nzuri, tutumie. Nikafungua laptopu, nikaanza kupitia moja moja. Mikono. Mikono na kikapu. Mgongo akiwa ameinama. Miguu na majani makavu. Kanga. Mikono. Nilikaa mpaka saa nane usiku na katika picha 312 uso wake ulikuwepo kwenye moja, na hiyo moja sikuipiga kwa makusudi, nadhani kidole kilibonyeza wakati nashusha kamera, amenigeukia ananyoosha kikombe cha chai kwangu, mdomo uko katikati ya neno, na fokasi imeshika jani la mgomba nyuma yake. Uso una ukungu. Niliituma, nikaomba radhi. Nesi akajibu asante, tumetumia ya kitambulisho cha taifa tumeikuza.

Mimi ndo mpiga picha wao. Mama yetu akazikwa na picha ya kitambulisho.

Kurudi nilipitia Addis Ababa, nilikuwa na kakazi kadogo pale ka siku tatu, na kuna mpiga picha mwenyeji aliyekuwa ananisaidia. Nilifika nimechoka na sikuwa na hamu ya kuongea na mtu. Cha kwanza kilichonishtua ni saa. Wahabeshi wanahesabu saa kama sisi, asubuhi saa moja ni saa moja, na hata neno lenyewe ni sa'at, dereva akaniambia tuonane saa mbili nikaelewa bila kutafsiriwa, nikajisikia nimeshafika nusu ya nyumbani.

Siku ya mwisho yule mwenyeji akanialika kwake kahawa. Nikamwambia nina nusu saa. Akacheka kidogo, akaniambia karibu. Mkewe ametandaza majani mabichi sakafuni, ubani unawaka, akaanza kukaanga kahawa mbichi kwenye kikaango mbele yetu, akapitisha ule moshi kwa kila mtu anuse, akatwanga, akachemsha kwenye jebena, ile birika yao ya udongo. Nusu saa yangu ikaisha hata kikombe cha kwanza hakijamiminwa. Vikombe ni vile vidogo visivyo na mkono, kama vya kijiweni kwetu. Kumbe ni raundi tatu kwa kahawa ileile, wanaongeza maji wanachemsha tena, inazidi kuwa nyepesi. Ya kwanza inaitwa abol, ya pili tona, ya tatu baraka. Baraka, neno letu kabisa. Na ukiondoka kabla ya ya tatu si vizuri, umeiacha baraka ya watu mezani.

Kwenye ya pili ndo jamaa akanyanyuka akaleta kitabu cha picha za Malick Sidibé, yule mzee mpiga picha wa Bamako, Mali. Nilikuwa namjua kwa jina, najua alichukua tuzo ya Simba wa Dhahabu kule Venice 2007, najua alifariki 2016, ila sikuwahi kukaa na picha zake polepole. Kuna ile ya usiku wa Krismasi 1963, kaka na dada wanacheza, binti yuko peku, vichwa vinakaribia kugusana. Jamaa akaniambia tazama, huyu mzee alikuwa anazunguka kwenye madansi ya vijana usiku mzima Jumamosi, klabu moja hadi nyingine, walikuwa wanamsubiri yeye ndo sherehe ichangamke. Hakuwa mgeni pale. Ukiangalia ile picha unajua hakuna aliyemwambia nipe dakika tano niondoke.

Nikanywa ya tatu. Nyepesi, karibu maji. Na hapo ndo nikaanza kuwasimulia watu ambao siwajui habari za mama wa Kibosho, kile kikombe juu ya jiwe, yote. Mke wa mwenyeji akanisikiliza mpaka mwisho, aliposikia amezikwa Jumamosi akauliza kitu kimoja tu, na rafiki yako umeshaongea naye? Nikasema nimemtumia ujumbe.

Nilivyoshuka KIA sikupita nyumbani, nilienda na begi moja kwa moja Pasua. Fundi alikuwa chini ya Noah, miguu tu ndo inaonekana. Nikasema pole kaka. Akatoka, akajifuta mikono na tambara, akanipa mkono, hakuwa na hasira kabisa, bora angekuwa nayo.

Akasema, "Hela ilifika, asante sana. Wewe hukufika."

Akarudi chini ya gari.

Nikakaa kwenye tairi. Sikutoa simu, sikutoa kamera, sikusema nina picha za kuediti. Ilikuwa kama saa nane mchana. Alikuja kijana kutengenezewa pikipiki, akaja mama kudai gari lake, nikawa nampasia Fundi spana akiomba. Saa kumi na moja akatoka akanawa, akasema twende. Tukaenda kijiweni, tukakaa mpaka muuza kahawa akazima mkaa, na ndo usiku ule akaniambia jinsi mama alivyoondoka, na kwamba wiki moja kabla mama alimuuliza, "Yule kijana wa kamera amerudi? Nimemuwekea kahawa kidogo niliyokaanga mwenyewe akaonje."

Ile kahawa Nesi ndo aliniletea. Ilikuwa kwenye kopo la siagi.

Kwenye misa ya arobaini nilifika jana yake, nikakata migomba ya kupamba, nikabeba viti. Nilikuwa nimechapa picha kumi, tisa za mikono, zile za Hamburg, na ile moja yenye ukungu niliiweka chini kabisa kwa sababu niliiona aibu. Fundi akazipitia zote kimya. Alipofika kwenye ile ya chini akaishika, akamwita dada yake mkubwa, wakaja na watoto, dada yake akasema ehee, hapo anasema kaa unywe chai. Hiyo ndo wametundika sebuleni Kibosho. Mikono wameiweka kwenye bahasha.

Tangu hapo kuna vitu nimebadilisha, navisema kwa sababu wengine mnaanza. Kule Hamburg mwenzangu wa kazi alikuwa akitaka kuonana na rafiki yake anafungua kalenda, wiki mbili mbele, Alhamisi saa moja na nusu. Mwanzoni niliona ni ubaridi, rafiki unampangia miadi kama daktari? Ila niliwaona siku yao ilipofika, hakuna aliyeshika simu. Sisi tunasema tutaonana, na tutaonana haina tarehe. Kwa hiyo sasa tuna tarehe, na anayeipanga ni Nesi kwa sababu ratiba yake ya zamu ndo ngumu, ikitoka mwisho wa mwezi anatutumia siku mbili tunachagua moja, na hiyo siku naiandika kabla sijamjibu mteja yeyote. Imenigharimu. Mwaka 2023 nilikataa kazi ya wiki mbili kwa sababu iliangukia kipaimara cha binti wa Mwalimu, mteja hakuweza kusubiri akachukua mtu mwingine, na ile hela iliniuma, nilikuwa na kodi ya ofisi ya kulipa. Binti aliingia kanisani akanitafuta kwa macho, akaniona sina kamera, akashangaa. Kamera alikuwa nayo kijana ninayemfundisha. Mimi nilikaa benchi la tatu na wazazi.

Pia nikirudi safari siku ya kwanza siediti. Bekap nafanya hapo hapo, kwenye hadi diski mbili, hiyo haina mjadala, ila kuediti kunasubiri. Na wenzangu nawapiga picha sa hivi, ila tukiwa tumeshakula, tumeshaongea, kikombe cha tatu huko, na nawapiga nyuso. Nachapa saizi ya postikadi nawagawia wiki hiyo hiyo, maana picha iliyo kwenye hadi diski yangu siku ya shida inanitegemea mimi niwepo, na mimi nimeshaonyesha kwamba naweza nisiwepo.

Leo jioni Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro, ilifunguka. Wingu lilikaa mchana kutwa, saa kumi na mbili likashuka kama pazia, theluji ikawa ya rangi ya chungwa na Mawenzi pembeni nyeusi. Huku kwetu ile rangi haidumu, kule Hamburg jioni inavuta, hapa ukienda kuchukua kamera ndani ukitoka imeshaondoka. Mwalimu akasema we hupigi? Nikasema nimeiona. Tukaendelea kukaa.

Fundi ndo ananipeleka KIA. Ndege ni saa tatu asubuhi, nilimwambia anipitie saa kumi na moja na nusu, ila amenitumia ujumbe sa hivi, anakuja saa kumi. Anasema tusikimbizane, tutasimama Boma Ng'ombe njiani tunywe chai tumekaa.